Mtaka cha Mvunguni: Habari ya Raymond Davis na Nyutrino za Jua

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, husema wahenga. Raymond Davis, mkemia wa Marekani aliyetaka kujua kinachotukia katika moyo wa jua, hakuinama tu. Aliteremka mita 1,478 chini ya ardhi, katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota. Huko ambako mwale wa jua haujapata kufika, ndiko alikolitegea jua mtego.

Windo lake lilikuwa nyutrino, chembe isiyo na chaji na yenye uzito mdogo mno. Wolfgang Pauli aliikisia mwaka 1930, baada ya wanafizikia kuona kwamba viini vya atomi vinapotoa elektroni, sehemu ya nishati huonekana kupotea. Pauli alidai kuwa kuna kitu kisichoonekana kinachoichukua. Mwaka 1934 Hans Bethe na Rudolf Peierls walipiga hesabu, wakaona kwamba chembe hiyo yaweza kuipenya dunia nzima bila kugusa chochote. Wakakata tamaa ya kuinasa. Nyutrino za jua zipatazo bilioni 60 hupita kila sekunde katika eneo la sentimita moja ya mraba, mchana na usiku, nazo hupenya miili ya watu wasihisi lolote.

Lakini kigusacho kwa nadra bado hugusa. Mwaka 1946 Bruno Pontecorvo alipendekeza mtego wa klorini. Kiini cha klorini kinachofaa kina protoni 17 na nyutroni 20. Nyutrino ikikipiga barabara, nyutroni moja hugeuka protoni na elektroni huruka nje. Kiini sasa kina protoni 18, na klorini imekuwa agoni. Mgeni amekwenda zake, ila ameacha alama mlangoni.

Davis alianza kwa kutega karibu na matanuri ya nyuklia, asipate kitu. Tanuri hutoa kinyume cha nyutrino, na klorini haikipokei. Clyde Cowan na Frederick Reines ndio waliofaulu kwenye tanuri mwaka 1956, kwa njia nyingine. Mtego wa Davis haukuwa na kasoro; samaki wake ndiye hakuwa wa bahari ile. Basi akaligeukia jua.

Katika miaka ya 1960 lilijengwa mgodini tangi la lita 380,000, likajazwa kiowevu chenye klorini ambacho madobi hukitumia kusafishia nguo pasi na maji. Mwamba wa juu ulizuia chembe nyingine zitokazo angani. Kila baada ya majuma kadhaa Davis alipitisha gesi ya heliamu katika tangi ili iikokote agoni, kisha akazihesabu atomi zake moja moja kadiri zilivyooza. Mavuno hayakufika hata atomi moja kwa siku, kutoka tani 615 za kiowevu. Kwa muda wa robo karne na zaidi, zilizopatikana zilikuwa takriban 2,000 tu.

Taabu ilizuka mwaka 1968, matokeo ya kwanza yalipotangazwa. John Bahcall alikuwa amekadiria idadi ya nyutrino zinazopaswa kutoka jua. Davis alipata kama theluthi moja. Wengi walidhani mkemia huyo anapoteza atomi zake njiani. Yeye hakugombana na mtu. Aliingiza tangini kiasi cha agoni alichokijua, akakivua tena, akakipata karibu chote. Wengine waliilaumu hesabu ya Bahcall. Mzozo huo ulidumu miaka zaidi ya 30, huku wawili hao wakibaki marafiki, kila mmoja akiisimamia kazi yake.

Mwaka 1969 Vladimir Gribov na Pontecorvo walikuwa wamedokeza jibu: huenda nyutrino hubadilika aina zikiwa safarini, na klorini huitambua aina moja tu. Ushahidi ulitoka Sudbury, Kanada, ndani ya mgodi mwingine, kwenye tani 1,000 za maji mazito. Kiini cha hidrojeni ya maji hayo kina protoni moja na nyutroni moja. Nyutrino ya aina ya elektroni yaweza kuigeuza nyutroni kuwa protoni. Lakini nyutrino ya aina yoyote yaweza kukivunja kiini vipande viwili. Mwaka 2002 hesabu hizo mbili zililinganishwa. Jumla ya aina zote ilikubaliana na kadirio la Bahcall, na aina ya elektroni ilikuwa kama theluthi tu. Davis alikuwa sahihi. Bahcall alikuwa sahihi. Kilichopungua ni elimu ya binadamu kuhusu nyutrino yenyewe.

Mwaka huohuo Davis, akiwa na umri wa miaka 87, alitunukiwa Nobeli ya fizikia pamoja na wenzake wawili. Alifariki mwaka 2006.

Mgodi wa Homestake hauchimbwi dhahabu tena, umekuwa maabara. Humo yanaandaliwa matangi makubwa ya kupokea nyutrino zitakazorushwa kutoka karibu na Chicago, kilomita 1,300 mbali. Matangi hayo yatajazwa maelfu ya tani za agoni, kitu kilekile ambacho Davis alikivua atomi kwa atomi.