Divai ya Altare katika Pwani ya Fizi

Kinywaji cha asili katika pwani ya Baraka na Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, ni tembo la mchikichi, ambalo mgema hulishusha alfajiri likiwa tamu, likachacha na kuwa kali kabla ya jua kutua, na likilala huamka siki. Na kwa kuwa halihifadhiki, halikuweza kusafiri mbali na mgema wake. Divai ya zabibu, kinyume chake, haikuwa mwenyeji wa pwani hii, bali ilianza kuja kama mgeni katika miaka ya 1880, tena kwa matone tu, ndani ya kalisi ya padri. Na tarikhi ya ugeni huo haifahamiki barabara ila kwa yule aliyekwisha kuzitambua nchi zilizoizaa divai hiyo.

Mwaka 1880 ndipo Mapadri Weupe, shirika lililoundwa mwaka 1868 na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, walipofungua misheni ya Mulwewa katika nchi ya Wamasanze. Na mwaka 1883 wakajenga nyingine Kibanga, katika rasi ya Ubwari, wakakaa humo mpaka maradhi yalipowalazimisha kuhama mwaka 1893, baada ya kumzika Askofu Bridoux mwaka 1890. Ziwa wakati ule lilikuwa likivukwa na Waungwana watokao Ujiji kwenda Maniema kutafuta pembe, na kwa kuwa dini yao ya Kiislamu iliwaharimishia ulevi, divai haikuwa bidhaa ya kutegemewa katika misafara yao. Mapadri walilazimika kujiagizia wenyewe.

Pengine mtu atauliza kwa nini hawakutumia tembo la nchi, nao wamezungukwa na michikichi. Jawabu ni sheria ya Kanisa, iliyokuja kuandikwa katika kanuni ya 815 ya mwaka 1917, kwamba divai ya Misa sharti iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, wala isiwe imeharibika. Kwa hiyo divai ilibidi ivuke bahari mpaka Unguja, ishuke Bagamoyo, ipande begani mwa mpagazi aliyechukua takriban kilo 30, ipite Tabora mpaka Ujiji, kisha ivushwe ziwa. Na katika safari hiyo ya miezi, joto lilikuwa adui mkubwa, maana divai dhaifu hugeuka siki ndani ya chombo chake. Ndipo Roma, mwishoni mwa karne ya 19, iliporuhusu divai ya Misa iongezwe spiriti, maadamu spiriti hiyo nayo imetokana na zabibu, na nguvu ya jumla isizidi 18 kwa 100. Reli ya Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, miezi ile ikawa siku.

Ama Ufaransa, nchi ya wengi wa mapadri wale wa kwanza, si shamba moja la mizabibu. Bordeaux, karibu na Bahari ya Atlantiki, hutawaliwa na Cabernet Sauvignon na Merlot, nazo aghalabu huchanganywa, kwa kuwa Merlot huiva mapema na hulainisha ukali wa mwenzake, na mvua ikiuharibu mmoja huenda mwingine ukasalimika. Bourgogne, iliyo bara, haina desturi hiyo: divai nyekundu ni ya Pinot Noir, nyeupe ni ya Chardonnay, na tofauti yote hutafutwa katika udongo wa chokaa wa mteremko huu na ule, hata viwanja viwili vilivyotengwa na njia ya miguu vikawa na majina mbalimbali na bei mbalimbali. Champagne, kaskazini, baridi huyafanya matunda yabaki na ukali, nao wenyeji hutumia ukali huo kutengeneza divai ya povu, wakiichachua mara ya pili ndani ya chupa. Na katika bonde la Rhône, sehemu ya kaskazini, Syrah hutoa divai nyeusi yenye harufu ya pilipili manga. Ndiyo sababu Wafaransa huiita divai kwa jina la nchi kuliko la tunda, na mwaka 1935 wakaweka chombo cha serikali cha kulinda mipaka ya majina hayo.

Mto Loire ndio unaotuhusu zaidi. Kandokando yake, Saint-Herblon karibu na Ancenis, alizaliwa mwaka 1842 Kapteni Joubert, aliyekuja Tanganyika kuwalinda mapadri na wakimbizi dhidi ya watekaji wa watumwa, akamwoa Agnes Atakaye, akafa huku mwaka 1927. Ukishuka mto kutoka kwao kuelekea Nantes, hulimwa Melon de Bourgogne, mzabibu ulioshika nchi ile baada ya baridi kuu ya mwaka 1709 kuiua mingine. Ukipanda mpaka Anjou, hulimwa Chenin Blanc. Mwana wa Kapteni Joubert, Abbé Albert Joubert, aliuawa Fizi tarehe 28 Novemba 1964 pamoja na Padri Giovanni Didonè, siku ile ile walipouawa Baraka Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Na wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira mwaka 2024.

Na sababu ya divai kuwa mgeni katika pwani hii ni kwamba mzabibu hutaka kulala: baridi huuangushia majani, ukapumzika, ukachipua kwa nguvu. Kando ya ziwa hakuna baridi hiyo, na unyevu wa masika huleta ukungu juu ya majani na vichala. Lakini Dodoma, penye ukame mrefu, mkulima huulaza mzabibu kwa mkono wake, akiupogoa mpaka libaki shina na vijiti vyenye macho machache, naye huvuna mara mbili kwa mwaka. Na miongoni mwa mizabibu ya huko imo Chenin Blanc, ile ile ya Loire. Sheria ya altare haikupata kuitaja Ufaransa. Ilitaka zabibu safi tu. Ufaransa iliingia kwa sababu mapadri wengi wa kwanza walikuwa wana wa nchi hiyo, na lau shehena zile zingeanza safari leo, zisingehitaji kutoka mbali kupita Dodoma, ng'ambo ya ziwa na mwendo wa garimoshi.