Kukomboa na Kupokea: Wageni wa Ushirombo tangu Mwaka 1891

Msomaji wa Kiswahili hukutana na neno kukomboa mahali pawili. Sokoni maana yake ni kutoa mali ili kirudi kitu kilichowekwa rehani. Kanisani ni kazi ya Mkombozi. Huko Ushirombo, zamani misioni ilipoanzishwa, maana hizo mbili zilikutana katika watu wenye miili na majina. Kukutana kwao kulileta matata ambayo twaona yafaa walimu wetu wayaangalie, kwa sababu bado yamo katika kila kazi ya kupokea wageni.

Ushirombo umo katika nchi ya Wasumbwa, magharibi ya Kahama. Leo ni wilaya ya Bukombe, iliyokuwa ya Shinyanga hata ulipofanywa mkoa wa Geita mwaka 2012. Mtu asidhani ya kuwa mapadre walikuta huko watu waliotulia tangu asili. Wasumbwa walikuwa wafanya biashara wa mbali, waliokwenda Katanga kutafuta shaba. Mmoja wao, Msiri, alijifanyia ufalme huko Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke. Tena walikuwako Watuta, mabaki ya Wangoni wa Zwangendaba waliotoka kusini ya Afrika, wakakaa upande wa Runzewe na kuwashambulia majirani zao. Basi nchi yenyewe ilikuwa njia ya watu, wengine wakienda kwa hiari, wengine wakipelekwa kwa kamba shingoni.

Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie mwaka 1868, walifika Ushirombo mwaka 1891. Mwaka ule ule, tarehe 20 Desemba, Msiri aliuawa kule Bunkeya na watu wa safari ya Stairs. Miaka mitatu kabla yake, Lavigerie alikuwa amezunguka miji ya Ulaya akihubiri juu ya ubaya wa biashara ya watumwa, na sadaka zilizokusanywa zilipelekwa kwenye misioni za bara. Kwa mali hiyo wakanunuliwa watoto na wanawake, wakafanyiwa makao. Askofu François Gerboin, aliyepewa Vikarieti ya Unyanyembe mwaka 1897, alikaa Ushirombo hata alipofariki mwaka 1912. Kwa hiyo mahali hapo palikuwa kichwa cha kazi yote ya upande ule, wala si kituo cha pembeni.

Mtoto aliyekombolewa alipewa chakula, nguo na mafundisho. Hayo yalikuwa mepesi. Gumu lilikuwa jingine: mtu yule hakuwa na ukoo. Katika desturi za nchi hizi, ukoo ndio unaomtolea kijana mahari, ndio unaosimama pamoja naye barazani akishtakiwa, ndio unaomzika. Asiye na ukoo hana wa kumsemea. Misioni ikaingia mahali pa ukoo: mapadre wakawaoza vijana wao kwa wasichana waliolelewa na masista, wakawagawia mashamba, wakaamua magomvi yao. Kwa kufanya hivyo walitoa kitu ambacho hakuna serikali ya wakati ule iliyokitoa.

Walakini desturi hiyo hiyo yasema ya kuwa aliyetoa mali ndiye mwenye mtu. Jirani Msumbwa aliyeona nguo zikihesabiwa na mtoto akipelekwa misioni hakuwa na sababu ya kudhani ya kuwa mtoto amekuwa huru. Aliona ya kuwa amepata bwana mwingine, labda mwenye huruma zaidi. Na mtoto mwenyewe je? Wahenga husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe alipewa. Lakini mgeni wa methali anaweza kuaga siku ya nne na kurudi kwao, na huyu kwao hakujui. Hatusemi haya ili kuwahukumu waliokufa. Twasema kwa sababu lawama ya kuwa kununua watumwa ni kulisha soko lao ilisikiwa tangu wakati ule, nayo haikuwa lawama ya upuuzi.

Sheria haikusaidia sana. Serikali ya Wadachi haikufuta utumwa. Iliamuru tu, mwaka 1904, ya kuwa watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa muda wa miaka thelathini misioni ilifanya kazi yake ndani ya sheria iliyokubali ya kuwa mtu aweza kuwa mali.

Yafaa hapa kumkumbuka Adrien Atiman wa Karema, ingawa si mtu wa Ushirombo. Alizaliwa upande wa mto Niger, akaibwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe katika Algeria, akasomeshwa uganga huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu wa ziwa Tanganyika hata kufa kwake mwaka 1956. Alioa, na mwanawe Yosefu akawa padre. Kwa maoni yetu, kilichomtoa katika hali ya kuwa mtu wa misioni hakikuwa barua yo yote ya uhuru, bali kazi yake na ndoa yake: kwanza watu walimhitaji, kisha akawa na jamaa.

Miaka 81 baada ya misioni ya Ushirombo kuanzishwa, wageni wengine walikuja upande wa kusini yake. Mwaka 1972 Wahutu wengi waliyakimbia mauaji ya Burundi, na baadhi yao wakapewa msitu wa Ulyankulu, katika mkoa wa Tabora, waufyeke na kulima. Kazi ya kuwakalisha katika makazi ya namna hii ilifanywa kwa mapatano ya pande tatu: serikali, Umoja wa Mataifa, na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri la Ulimwenguni. Hapa Wakristo hawakutoa bei ya mtu. Na wakimbizi walikuja jamaa kwa jamaa, pamoja na waumini waliojua kuongoza sala, hata makanisa yao yakaanza chini ya miti, wao wenyewe wakiwa wenyeji wa ibada.

Neno nalo lilikuwa limebadilika. Zamani aliyekimbia aliitwa mtoro, na kukimbia kwake kulikuwa kosa juu ya bwana wake. Wa Ulyankulu aliitwa mkimbizi, na kukimbia kwake kulimpa haki ya kupokewa. Lakini mkimbizi, kama yule wa misioni, aliweza kulima miaka mingi pasipo kuwa mwenyeji: ruhusa ya kutoka makazini iliombwa, na mtoto aliyezaliwa Ulyankulu aliitwa mkimbizi kama baba yake. Watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya zamani, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walikubaliwa uraia wa Tanzania mwaka 2010. Hati zao zilianza kugawiwa mwaka 2014, miaka 42 tangu baba zao walipovuka mpaka.