Kanzu ya Kupimwa katika Historia ya Unguja

Mtu aingiapo katika duka la mshoni wa kanzu mjini Unguja huambiwa asimame wima. Kipimo hupita begani, mkononi, kisha toka shingoni hata kifundo cha mguu. Ndipo kitambaa kikatwapo: badani, yaani mapande ya mbele na nyuma, taharizi za ubavuni, vikwapa vya chini ya mikono, na mwisho kaba ya shingoni na sijafu za pindoni. Kazi hiyo yaonekana ndogo, lakini zamani kupimwa nguo lilikuwa jambo kubwa kisiwani humo.

Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, majora ya pamba yalishuka kwa wingi, hata kitambaa chenyewe kikaitwa merikani. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilipopunguza bidhaa hiyo, vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vilishika nafasi yake. Merikani ilipimwa kwa mikono na kwa majora, bali mvaaji hakupimwa. Mtumwa alipewa pande akajifunga kiunoni. Kwa desturi alikwenda kichwa wazi na miguu mitupu. Kanzu na kofia zilikuwa alama za mwungwana.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, katika enzi ya Sayyid Barghash. Mwaka 1897 Sayyid Hamoud alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa mbele ya sheria. Lakini aliyetaka uhuru ilimpasa auombe mahakamani, na masuria hawakuingizwa katika amri hiyo mpaka mwaka 1909. Kanzu haikuhitaji hakimu. Wengi waliohamia Ng'ambo ya mji, wanaume walivaa kanzu na kofia, na wanawake walivaa kanga.

Wako wanaodhani kwamba watu hao waliwaiga mabwana zao tu. Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na kanzu ile haikuwa ya kuazima. Ilinunuliwa kwa ujira wa mvaaji, ikakatwa kwa kimo chake na upana wa mabega yake mwenyewe. Mwili uliowahi kutiwa bei sokoni sasa ulipimwa kwa ajili ya mwenyewe.

Cherehani, ambayo Isaac Singer alipata hataza yake Marekani mwaka 1851, ilipofika pwani iliharakisha mshono, bali kupima kulibaki kazi ya mkono. Siku hizi kanzu zilizoshonwa tayari huletwa kutoka ng'ambo kwa bei nafuu, na kijana aweza kuvaa kanzu miaka mingi asisikie neno taharizi.

Mwanafunzi wa historia hana budi kuzisoma amri za Masultani. Lakini amri hazielezi jinsi aliyeachwa huru alivyojiona alipotoka barazani kwa mshoni, amevaa nguo ambayo isingemkaa mtu mwingine.