Ugonjwa wa Wazungu

Kwa miaka minne binamu yangu alitibiwa amiba. Amiba ikiisha ni taifodi, taifodi ikiisha ni vidonda vya tumbo, na kila mara alirudi nyumbani pale Eldoret na bahasha ya kaki imejaa tembe. Aliharisha damu. Alikonda hadi akaanza kuvaa sketi za mdogo wake wa kidato cha kwanza. Siku moja alimuuliza daktari kuhusu ugonjwa wa Crohn, aliousoma kwenye simu. Daktari akacheka. Ati, "Huo ni wa Wazungu."

Hayo maneno yana historia.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966. Jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958. Baadaye aliwaandikia madaktari wa hospitali za misheni huku Afrika akiwauliza wanaona magonjwa gani. Majibu yalimshawishi kwamba Mwafrika wa kijijini, kwa kula vyakula vyenye nyuzinyuzi, hapati maradhi mengi ya tumbo ya Ulaya, yakiwemo haya ya uvimbe wa utumbo. Kuhusu nyuzinyuzi, aliisaidia dunia. Lakini hebu fikiria: ukiwa na hadubini moja na foleni ndefu, utaiona amiba. Kidonda kilichojificha ndani ya mita kadhaa za utumbo utakionaje? Mwaka huohuo wa 1966, British Medical Journal lilichapisha ripoti ya Waafrika wanne wenye vidonda hivyo vya utumbo mpana. Wanne tu, sawa. Lakini walikuwepo.

Njia mpya ya kuona ilikuwa imeanzia kwenye chakula kilicholala. Yapata 1911, huko Manchester, George de Hevesy, kijana kutoka Hungaria, alishuku kwamba mama mwenye nyumba anawarudishia mezani nyama ya juzi. Mama akakana. Basi Hevesy akatia mabaki ya sahani yake chembe za mnururisho, na siku chache baadaye kipimo chake kikazikuta kwenye chakula "kipya". Wazo hilo la kutuma jasusi na kumfuata lilimletea tuzo ya Nobel ya 1943.

Miaka ya 1970, katika hospitali ya Hammersmith, London, Mathew Thakur, mzaliwa wa India, na wenzake walimpata jasusi wa kufaa: seli nyeupe za damu, ambazo hukimbilia zenyewe penye uvimbe. Unatoa damu ya mgonjwa, unatenga seli nyeupe, unazitia indiamu-111, kisha unazirudisha mshipani. Kamera ya gama ikipita juu ya tumbo, sehemu yenye uvimbe inang'aa, hata kule ambako mpira wa kolonoskopi haufiki.

Miaka ya 1980 wakaanza kutumia teknetiamu-99m, iliyo nafuu kwa mwili. Hutolewa kwenye kifaa cha molibdenamu ambacho mafundi hukiita ng'ombe, kwa sababu hukamuliwa. Sisi watu wa Sisibo tunajua maziwa hayangoji, lakini haya yamezidi: kila saa sita, nusu imepotea. Ikamue Nairobi alfajiri, ipakie gari, ivuke Nakuru na Timboroa, na zaidi ya kilomita 300 baadaye karibu nusu imeishia njiani. Kwa hivyo ng'ombe lazima akae karibu na mgonjwa, na ni lazima anunuliwe mwingine kila baada ya wiki moja au mbili. Asiye na pesa hizo haonekani, na asiyeonekana hahesabiwi.

Binamu yangu alionekana mwishowe, kwa kolonoskopi na vipande vya nyama vilivyopimwa maabara. Crohn. Anatumia dawa, na sketi zake mwenyewe zimeanza kumkaa.

Hospitali ya rufaa ya mji wetu ilianza 1917, na tangu 1990 Chuo Kikuu cha Moi kinafunza madaktari hapa. Nawaomba wanafunzi wake kitu kimoja. Mkisoma kwenye kitabu kwamba ugonjwa fulani ni nadra Afrika, ulizeni ni nani aliyehesabu, na alikuwa akitazama kwa kifaa gani.