Kizingiti na Mzee

Ronald Mace wa Marekani aliugua polio mwaka 1950, naye ni mtoto wa miaka 9. Ikawa hana budi kutumia kiti cha magurudumu. Alipokwenda chuo kikuu cha North Carolina State kusomea usanifu wa majengo, ilimbidi abebwe ngazini. Baadaye alishiriki kutunga kanuni za ujenzi za jimbo lake, zilizotoka mwaka 1973. Na mwaka 1985 akaandika kwamba nyumba yafaa ijengwe tangu mwanzo kwa manufaa ya watu wote. Basi faida hiyo imewafikia wazee: mlango mpana, sakafu isiyo na kizingiti, na chuma cha kushikia chooni. Kwani mara nyingi kimzuiacho mzee asitoke si miaka yake, bali ni kipandio kimoja cha mlangoni, nacho fundi aweza kukiondoa.