Malipo na Mwenendo katika Vijiji vya Bagamoyo

Mwezi wa Januari mwaka 2010, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, uitwao TASAF, ulianza kuwalipa fedha watu maskini wa baadhi ya vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Malipo yalikuwa na masharti: mtoto wa shule ahudhurie siku 80 katika kila 100, mtoto mchanga apelekwe zahanati, na mzee wa miaka 60 na zaidi aende huko walau mara moja kwa mwaka. Aliyeyavunja aliweza kupunguziwa.

Fikra hiyo ina asili ya mbali. Mwaka 1938 Mmarekani B. F. Skinner alieleza, kwa majaribio ya panya waliokanyaga kipande cha chuma wapate chakula, ya kuwa tendo lifuatwalo na tuzo hurudiwa, na lisilotuzwa hufifia. Matabibu wa nafsi wakaichukua kanuni: badala ya kumkemea mtu kwa ovu, wakamtuza kwa jema lishikalo mahali pake. Lakini tuzo yataka kufuata upesi. Panya buku wafundishwao na shirika la APOPO huko Morogoro kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini hupewa ndizi papo hapo wapatiapo. Mama wa Bagamoyo alingoja miezi miwili. Tena alilipwa yeye, si mwanawe aliyeamkia shuleni. Kwa kipimo cha Skinner, tuzo hiyo ni dhaifu.

Hata hivyo mambo yalibadilika. Vijiji vyote vilikuwa 80. Kwa kura, 40 vililipwa na 40 havikulipwa kwanza, hata tofauti ikapimika. Baada ya mwaka mmoja na nusu waliolipwa walikwenda zahanati zaidi ya wenzao. Baada ya miaka miwili na nusu walikwenda mara chache zaidi. Mwenye kushika kanuni peke yake angesema tuzo imezoeleka na mwenendo wa zamani umerudi. Angekosea: watu hao walikuwa na afya bora kuliko wenzao, na watoto wao walikuwa na viatu zaidi.

Viatu havikuwamo katika sharti lo lote. Mzazi aliyehesabiwa kuwa na mwenendo wa kurekebishwa aliponunua viatu, alimkinga mwanawe na minyoo ya safura, iingiayo kwa nyayo, wala hakuna aliyemwagiza. Je, alikuwa amekosa tabia njema, au amekosa fedha? Jaribio halikuweza kujibu, maana hakikuwako kijiji kilicholipwa bila masharti. Mpango ulipoenezwa nchini baada ya 2012, kaya zilipewa fungu moja pasipo kutazamwa mwenendo, na fungu jingine kwa masharti.