Ardhi Iliyo Chini ya Chumba cha Kupanga

Washauri wa fedha wa redioni wana kanuni wasiyochoka kuirudia: kodi ya nyumba isizidi theluthi moja ya kipato chako. Kanuni hiyo ina historia wasiyoisimulia. Mwaka 1969 Seneta Edward Brooke wa Massachusetts alifanikiwa kuingiza katika sheria za Marekani kifungu kilichozikataza mamlaka za nyumba za umma kumtoza mpangaji zaidi ya robo ya kipato chake. Mwaka 1981 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 30. Sheria ile ilimfunga mwenye nyumba. Kwetu imefika kichwa chini miguu juu: anayefungwa ni mpangaji, na akishindwa huambiwa hana nidhamu ya fedha. Muuza duka wa Kariakoo anayetakiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali, ataipatia wapi hiyo theluthi?

Watu wa kipato kidogo hawahitaji kufundishwa kubana matumizi. Hununua mafuta ya kupimiwa, huchangia umeme wa luku na wapangaji wenzao, hutembea kwa miguu pale nauli isipotosha, hucheza mchezo wa kupeana ili zamu yao ikifika walipe ada ya mtoto. Hayo ni maarifa makubwa na yanastahili heshima. Lakini mji ukishapanda thamani, akiba ya jikoni haifui dafu mbele ya kodi. Nikilinganisha miji minne, Unguja, Vienna, Singapore na San Francisco, naona kwamba uwezo wa mtu wa kawaida kuishi mjini huamuliwa kwanza na nani anashika ardhi, na anaishika kwa niaba ya nani.

Nianze na Unguja, kwa sababu hoja hii tulikuwa nayo zamani kabla hatujaisoma katika vitabu vya wengine. Upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe, mtaa wa Ng'ambo ulikua katika karne ya 19 kwa watu wasio na mali: wachukuzi, mafundi, watumwa na waliopata uhuru, wageni kutoka bara na visiwani. Wenye ardhi wengi waliwaruhusu kujenga vibanda vyao bure au kwa malipo madogo. Baadhi ya ardhi na nyumba mjini ziliwekwa wakfu, yaani mwenyewe alizifunga zisiuzwe wala zisirithiwe, na manufaa yake yaende kwa aliowataja: jamaa zake, msikiti, maskini, au watu waliokuwa wakimtumikia. Kibanda kilikuwa mali ya aliyekijenga. Aliweza kukiuza, kukirithisha, kupangisha chumba. Udongo uliokuwa chini yake haukuwa wake, na kwa muda mrefu hilo halikumuumiza, kwa kuwa aliyeushika udongo hakuufanya biashara.

Katika miaka ya 1920 mambo yalibadilika. Mji ulikuwa umepanuka, viwanja vimekuwa na soko, na wenye ardhi wakaanza kudai kodi ya kiwanja na kuipandisha. Wakfu nazo tangu mwaka 1905 zilikuwa chini ya kamisheni ya serikali ya kikoloni. Usimamizi ulitoka kwa jamaa na majirani ukaingia ofisini, kwenye daftari la mapato. Mwaka 1928 maelfu ya wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya kiwanja. Mwanahistoria Laura Fair ameueleza mgomo huo katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, na ameonyesha jinsi wanawake, ambao wengi wao walimiliki nyumba, walivyokuwa mstari wa mbele. Serikali ililazimika kuingilia na kuweka mipaka kwenye kodi hiyo. Inanisikitisha kwamba mgomo huu haujulikani shuleni kama unavyostahili. Watu wale walielewa jambo ambalo wanauchumi hulieleza kwa kurasa nyingi: nyumba hujengwa kwa jasho la mwenyewe, lakini thamani ya kiwanja huletwa na mji mzima.

Sisemi wakfu ilikuwa pepo. Mali iliyowekwa wakfu Unguja ilitokana kwa sehemu kubwa na mashamba ya karafuu na kazi ya watumwa, kwa hiyo sadaka ile ilikuwa ikimrudishia mtu punje ya kile alichonyang'anywa. Tena wakfu ina udhaifu wa kiufundi ambao mpita njia yeyote wa Mji Mkongwe anauona kwa macho: kodi ndogo ambayo haikutengewa fungu la matengenezo humwacha mpangaji na paa linalovuja na ukuta unaobomoka. Mpangaji huokoa fedha kila mwezi, na nyumba hufa taratibu juu ya kichwa chake.

Hapo ndipo Vienna inapostahili kusomwa kwa makini. Wasoshalisti walishinda uchaguzi wa mji huo mwaka 1919, wakakuta wafanyakazi wamesongamana katika vyumba vya giza, wengine wakikodi kitanda kwa zamu. Tangu mwaka 1917, katikati ya vita, kodi za nyumba zilikuwa zimezuiwa kupanda, na mfumuko wa bei ukazifanya karibu si kitu. Wenye kujenga kwa biashara wakaacha, bei ya viwanja ikaanguka, na manispaa ikavinunua. Mwaka 1923 Hugo Breitner, aliyeshika hazina ya mji, alianzisha kodi maalumu ya ujenzi wa nyumba iliyopanda kwa ngazi: aliyekaa chumba na jiko alilipa kidogo sana, na idadi ndogo ya majumba ya kifahari ilibeba karibu nusu ya mapato yote. Breitner alitoza pia anasa, kuanzia watumishi wa ndani hadi farasi wa mashindano. Kwa fedha hiyo mji ulijenga nyumba zaidi ya 60,000 kufikia mwaka 1934. Jengo la Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa mwaka 1930, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na lilijengwa likiwa na nyumba 1,382, mabafu, mahali pa kufulia, shule za watoto wadogo na maktaba. Sehemu kubwa ya kiwanja chake iliachwa kuwa bustani.

Mtu wa kipato kidogo akiwa na pa kufulia, pa kuacha mtoto na kitabu cha kuazima palepale uani, mshahara wake unakwenda mbali bila kuongezwa hata senti. Leo manispaa ya Vienna ina nyumba zipatazo 220,000, na ukijumlisha zile za mashirika yanayojenga kwa ruzuku, karibu nusu ya wakaazi wanaishi katika nyumba ambazo soko halina amri kamili juu yake. Berlin ilichagua vingine: mwaka 2004 iliuza kampuni yake ya GSW yenye maelfu kwa maelfu ya nyumba ili ipunguze madeni, na mwaka 2021 zaidi ya nusu ya wapiga kura wake walitaka nyumba za makampuni makubwa zirudishwe kwa umma. Vienna haikujuta kwa namna hiyo kwa kuwa haikuuza.

Singapore ilifika mahali panapofanana kwa njia nyingine kabisa. Bodi ya nyumba iliundwa mwaka 1960. Mwaka 1961 moto uliteketeza vibanda vya Bukit Ho Swee na kuwaacha watu wapatao 16,000 bila makazi, na bodi ikajenga hapo kwa haraka. Sheria ya mwaka 1966 iliipa serikali nguvu ya kutwaa ardhi kwa fidia iliyowekwa na serikali yenyewe. Tangu mwaka 1968 wafanyakazi wameruhusiwa kutumia akiba yao ya lazima ya uzeeni kununulia nyumba; aliye chini ya miaka 55 hukatwa asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri huongeza 17. Takriban wakaazi wanane kati ya kumi wanaishi katika nyumba za bodi, wengi wakiwa wamiliki kwa hati ya miaka 99. Angalia mfanano wake na Ng'ambo ya kale: nyumba ni ya mtu, udongo si wake. Tofauti ni kwamba udongo umeshikwa na dola yenye mpango, na yenye mkono mzito pia, maana hakuna mwenye shamba aliyeulizwa kama anapenda.

Jambo la Singapore ambalo ningependa wakuu wa miji yetu walione si ghorofa, ni chakula. Kati ya mwaka 1971 na 1986 serikali iliwaondoa wachuuzi wa chakula barabarani na kuwajengea vituo vyenye maji, mifereji na meza, karibu na makazi. Mwaka 2020 UNESCO iliuweka utamaduni wa vituo hivyo katika orodha yake ya urithi usioshikika wa binadamu. Katika mojawapo ya miji ghali kuliko yote duniani, fundi na karani bado wanakula chakula cha moto kwa bei nafuu. Kwetu mama ntilie anafanya kazi hiyohiyo. Ndiye anayemwezesha kibarua wa ujenzi kula wali maharage na kubaki na nauli. Lakini kila mara mji unapotaka kupendeza, wa kwanza kufagiliwa ni yeye. Anayemwondoa mama ntilie bila kumpa bomba la maji na paa anapandisha gharama za maisha ya watu ambao hata hawajui kwamba uamuzi huo umefanywa.

San Francisco nitaigusa kwa kifupi. Hapo ndipo Henry George, mpiga chapa aliyegeuka mwandishi wa magazeti, alipoandika Progress and Poverty, kilichotoka mwaka 1879. Alisema mji unapokua, thamani mpya huingia kwenye ardhi, na mwenye ardhi huichukua bila kuifanyia kazi. Tunaijua hali hiyo. Barabara ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, iliyoanza kazi mwaka 2016, imejengwa kwa fedha za umma, na mwenye kiwanja kando ya kituo hakuchimba hata shimo moja la taa. George alitaka thamani hiyo irudi kwa umma kwa njia ya kodi ya ardhi. California ilikwenda kinyume naye: kwa kura ya mwaka 1978 iliwekwa sheria inayozuia kodi ya mali isizidi asilimia moja, na thamani inayotozwa isipande zaidi ya asilimia mbili kwa mwaka mpaka mali iuzwe. Aliyenunua zamani akalindwa, aliyechelewa akabebeshwa mzigo. Kufikia mwaka 2018 serikali ya Marekani ilihesabu familia ya watu wanne San Francisco yenye kipato cha dola 117,400 kuwa ya kipato cha chini. Kuna wafanyakazi wanaoamka usiku wa manane kusafiri kutoka Stockton na Modesto kwenda kazini. Hakuna daftari la matumizi litakalotibu hilo.

Kila njia kati ya hizi inamwacha mtu nje, na mlinganisho wa haki lazima umtaje. Vienna humtaka mwombaji awe amekwisha kukaa mjini humo kwa muda uliowekwa, kwa hiyo mhamiaji mpya huanzia mikononi mwa mwenye nyumba binafsi. Singapore imewaweka wajenzi wake kutoka Bangladesh na India katika mabweni ya msongamano, na mwaka 2020 korona iliwashika humo kwa wingi. Ng'ambo ililea wategemezi kwa sharti la kubaki wategemezi. Hata hivyo siwezi kuziweka zote kwenye mizani moja na kusema zimelingana. Naona Vienna imefanya vizuri zaidi, kwa sababu ilikusanya kwa wenye nacho, ikaandika haki ya mpangaji, ikatenga fedha za matengenezo, na haikuuza.

Afrika Mashariki nasi tumejaribu. Tanzania iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, na mwaka 1971 ikataifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Kule Unguja Rais Abeid Karume alijenga maghorofa ya Michenzani palepale Ng'ambo. Majengo tuliyapata, fungu la kuyatunza hatukuliweka, na baadaye soko likarudi kwa mlango wa nyuma. Kenya sasa ina tozo ya nyumba chini ya sheria ya mwaka 2024: asilimia 1.5 ya mshahara kabla ya makato, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Kukusanya kwa pamoja ni wazo zuri. Lakini mlinzi na mkurugenzi hukatwa kwa kiwango kimoja, na mwenye kipato kisicho cha mshahara naye hutozwa kiwango hichohicho. Breitner aliitoza nyumba ya kifahari; Nairobi inakitoza kipato cha kila mtu. Tena nyumba zinazojengwa zinauzwa, na nyumba ikishauzwa bila sharti juu ya ardhi, mnunuzi wa pili ataipata kwa bei ya soko.

Halmashauri zetu bado zina viwanja, hasa pembezoni mwa miji na kandokando ya barabara mpya. Vinauzwa mwaka hadi mwaka ili kuziba pengo la bajeti. Diwani wako akija kuomba kura, mwulize vimebaki vingapi na viko wapi. Mwambie visiuzwe: vikodishwe kwa muda maalumu kwa vyama vya ushirika vya wapangaji, kwa kodi inayotenga fungu la matengenezo tangu siku ya kwanza, na mama ntilie apewe nafasi yake kwenye ramani kabla tingatinga halijafika.